Pasti Pepa Si Silaha ya Mnyonge

Miezi michache kabla ya Novemba, ufundishaji wa Kiingereza katika shule nyingi za sekondari Tanzania hubadilika sura. Hadithi zinarudishwa kabatini, pale zilipokuwepo, na ubao unajaa maswali ya miaka iliyopita: geuza sentensi iwe katika kauli ya kutendwa, andika upya ukianza na neno ulilopewa, jaza nafasi kwa kihusishi sahihi, oanisha maana za Safu A na maneno ya Safu B. Kwenye vibanda vya steshenari vilivyo karibu na mageti ya shule, madesa ya maswali na majibu yanatolewa kopi asubuhi hadi jioni. Twisheni za jioni na za likizo zinafuata mkondo huo huo, na mwanafunzi anayepiga msuli wa namna hii anasifiwa na mwalimu na mzazi kwa pamoja. Imani iliyo nyuma ya yote haya ni kwamba Kiingereza cha mtihani ni kanuni za sarufi ukijumlisha na orodha ya maneno, kwamba kanuni na maneno hayo hurudi kila mwaka, na kwamba mtoto ambaye hana kitu kingine anaweza kuyakariri akafaulu. Wanaoishikilia imani hii ni watu wenye nia njema, na wengi wao wanajitolea muda wao kwa ajili ya watoto wa wenzao. Ndiyo maana inastahili kujibiwa kwa hoja. Ninachosema ni kwamba imani hiyo si ya kweli, na kwamba anayeumia nayo zaidi ni yule yule ambaye inadai kumtetea.

Tuchukue swali moja ambalo karibu kila aliyepita Kidato cha Nne amewahi kukutana na mfano wake. Mtahiniwa anapewa sentensi mbili, "The bell rang. The pupils ran out", na kuambiwa aziunganishe akianza na "No sooner". Aliyefanyishwa mazoezi ya kutosha anaandika "No sooner had the bell rung than the pupils ran out", anapata alama yake na kusonga mbele. Amejua nini hasa? Amejua kwamba "had" inaruka mbele ya mtenda, na kwamba mwenzi wa "no sooner" ni "than", wakati mwenzi wa "hardly" ni "when". Hayo ni mambo ya kweli na si mabaya kuyajua. Lakini muundo huo ni wa msimuliaji, wa mtu anayeandika kisa na anayetaka matukio mawili yagongane. Mwanafunzi hajawahi kuuona ukifanya kazi hiyo, kwa sababu hajawahi kusoma kisa ambamo umetumika. Kesho akiandika insha, ambapo hakuna anayemkabidhi sentensi mbili zilizokwisha kuandikwa, muundo huo hautokei kabisa. Na mtahini akibadili kitenzi, akaweka kile ambacho umbo lake la tatu halikuwa kwenye desa, hata alama ile moja inapotea. Zoezi limemfundisha kuhamisha vipande vya sentensi ya mtu mwingine. Kutunga sentensi yake mwenyewe ni kazi tofauti, na hiyo hakuifanyia mazoezi.

Hesabu ya msamiati ndiyo inayoifichua imani hii waziwazi zaidi. Tangu Michael West alipochapisha orodha yake ya maneno ya msingi ya Kiingereza mwaka 1953, inajulikana kwamba familia za maneno zipatazo 2,000 hubeba takriban asilimia 80 ya maneno ya maandishi ya kawaida. Asilimia 80 inasikika kuwa kubwa mpaka uiweke kwenye ukurasa: katika kila maneno matano, moja hulijui, na kwa hali hiyo msomaji anabahatisha tu. Paul Nation wa Chuo Kikuu cha Victoria, Wellington, alikadiria mwaka 2006 kwamba mtu anahitaji familia za maneno kati ya 8,000 na 9,000 ili asome gazeti au riwaya bila msaada, yaani ayajue maneno 98 katika kila 100. Sasa linganisha na orodha zinazouzwa kwa ajili ya mtihani. Zimejaa majina ya wenye kazi mbalimbali, majina ya makundi ya wanyama, majina ya watoto wa wanyama, maneno ya kike na ya kiume. Mtoto anakariri kwamba kundi la simba linaitwa "pride", huku maneno kama "although", "unless" na "whereas", ambayo yanaamua maana ya swali la Historia au la Baiolojia, hajayakuta mara za kutosha kuyatambua bila kusita. Orodha inampa maneno ya nadra kabla ya maneno ya kila siku, kwa sababu maneno ya nadra ndiyo yanayotungika kirahisi kuwa maswali ya kuoanisha.

Hata orodha ikitengenezwa kwa uangalifu, neno halikai kichwani kwa kuonwa mara moja pembeni ya maana yake. Linahitaji kukutwa tena na tena, katika sentensi tofauti, likiwa na majirani tofauti. Nation huyo huyo alipiga hesabu mwaka 2014 ya kiasi cha kusoma kinachotosha kukutana na maneno mara kadhaa, kama 12 hivi. Kwa maneno yaliyo katika elfu ya pili kwa matumizi, alipata kiasi cha maneno 170,000 ya kusoma. Kwa elfu ya tatu, kiasi cha maneno 300,000. Takwimu hizi zinatisha mpaka zigawanywe kwa siku. Mwaka wa shule Tanzania una siku 194 za masomo. Mwanafunzi akisoma dakika 20 kwa siku, tena polepole, maneno 80 kwa dakika, anapitia maneno 1,600 kwa siku na zaidi ya 310,000 kwa mwaka. Ana miaka minne kabla ya mtihani. Upande wa pili, zoezi la kujaza nafasi lenye maswali 50, kila moja likiwa na maneno 15, lina maneno 750 tu, na kulifanya pamoja na kulisahihisha kunakula kipindi kizima cha dakika 40. Katika kipindi hicho hicho msomaji wetu wa polepole angekuwa amepitia maneno 3,200, yaani zaidi ya mara nne, na maneno hayo yangekuwa yameshikana ndani ya kisa kinachomsaidia kukisia yale asiyoyajua. Sentensi 50 za zoezi hazina uhusiano wowote. Ya kwanza inamhusu mjomba aliyekwenda Arusha, ya pili ni juu ya mvua, ya tatu ni ya daktari, na hakuna hata moja inayosaidia kuielewa inayofuata.

Atakayesema kwamba hizi ni hesabu za mezani atazame Fiji. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Warwick Elley na Francis Mangubhai walichagua shule nane za vijijini zilizokuwa na vitabu vichache mno, na wanafunzi 380 wa darasa la nne na la tano ambao Kiingereza kwao kilikuwa lugha ya pili. Madarasa yakapewa vitabu 250 vya hadithi za Kiingereza zinazovutia watoto, na walimu wakaombwa wawahimize kuvisoma, ama pamoja na mwalimu ama kimya kimya kila mtu na chake. Wanafunzi wengine 234 waliendelea na masomo ya kawaida ya Kiingereza, yaliyopangwa muundo baada ya muundo na kufanyiwa mazoezi. Baada ya miezi minane, waliosoma hadithi walikuwa wamepiga hatua katika kuelewa wanachosoma na wanachosikia kwa kasi ambayo ni mara mbili ya kawaida. Baada ya miezi 20 faida ilikuwa imekua na kusambaa kwenye stadi nyingine za lugha. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1983, na mwaka 1985 Singapore ilianza mpango wake wa kitaifa wa usomaji kwa fikra zinazofanana. Shule za Fiji zilikuwa za kijijini, zenye walimu wa kawaida na watoto ambao nyumbani hawasikii Kiingereza. Zinafanana na shule zetu za kata kuliko shule yoyote ya London.

Wala hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Mwaka 1984 Clive Criper na Bill Dodd walipima Kiingereza cha wanafunzi wa Tanzania kuanzia shule ya msingi hadi elimu ya juu. Walikuta kwamba kwa takriban nusu ya wanafunzi wa sekondari katika sampuli yao, masomo mengine yalikuwa hayaingii kabisa au yanaingia kidogo mno, na kwamba ni kama asilimia 10 tu ya Kidato cha Nne waliofikia kiwango ambacho mtu angetarajia kufundishia kwa Kiingereza kuanze. Mradi uliofuata mwishoni mwa miaka hiyo ya 1980, kwa fedha za Uingereza, uliweka mbele usomaji wa vitabu vya hadithi vilivyoandikwa kwa Kiingereza chepesi na kupangwa kwa ngazi. Waliolitazama tatizo kwa karibu, wakiwa na vipimo mkononi, hawakuagiza madesa. Waliagiza vitabu. Kwamba baadaye nguzo hiyo haikushikiliwa kwa nguvu ile ile ni hasara ambayo bado tunailipa. Utafiti wa Uwezo wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba takriban nusu ya wanaomaliza shule ya msingi hawakuweza kusoma hadithi ya Kiingereza ya kiwango cha Darasa la Pili. Mtoto wa namna hiyo anapoingia Kidato cha Kwanza na kukabidhiwa kanuni za kauli taarifa, anafundishwa kupanga upya samani za nyumba ambayo haijajengwa.

Wapo watakaosema kwamba tatizo liko kwenye lugha ya kufundishia, na kwamba tungefuata pendekezo la Tume ya Makweta la mwaka 1982 la kufundisha sekondari kwa Kiswahili mjadala huu usingekuwepo. Hoja hiyo ina uzito wake, lakini haigusi jambo lililo mbele yetu. Hata siku Kiswahili kitakapofundishia fizikia, Kiingereza kitabaki kuwa somo lenye mtihani wake, na swali la namna ya kukifundisha litabaki pale pale.

Turudi kwenye mtihani wenyewe, kwa kuwa watetezi wa mazoezi wanaufanya ngao yao. Wanasema mtihani ni sarufi na msamiati, basi tufundishe sarufi na msamiati. Majirani zetu wa Kenya wanatupa kipimo kizuri, kwa sababu mgawanyo wa alama za Kiingereza katika KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari, uko wazi. Karatasi tatu zina jumla ya alama 200. Maswali ya sarufi yanayojitegemea yana alama 15. Kujaza nafasi kuna alama 10, nako ni kujaza nafasi ndani ya kifungu kizima, kazi ambayo asiyeelewa kifungu haiwezi. Zilizobaki ni za ufahamu, dondoo za fasihi, mashairi, kuandika kwa matumizi maalumu, stadi za kuzungumza na insha tatu. Anayetumia nusu ya muda wake kwenye alama 15 kati ya 200 amejipangia vibaya hata kwa mizani ya mtihani. Tanzania nako mtihani wa Kidato cha Nne una ufahamu, una utungaji, na una insha juu ya riwaya, tamthiliya na mashairi. Baraza la Mitihani huchapisha taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, na anayezisoma anakutana na maelezo yale yale katika somo baada ya somo: mtahiniwa hakuelewa matakwa ya swali, mtahiniwa alinakili sentensi kutoka kwenye kifungu bila kujibu, mtahiniwa alishindwa kujieleza kwa Kiingereza. Haya yanaandikwa pia kuhusu Uraia, Jiografia na Kemia. Ni udhaifu wa kusoma na kuandika, ambao hakuna kihusishi kilichojazwa kwenye nafasi kinachoweza kuutibu.

Sehemu ya fasihi inaonyesha jinsi tabia ya mazoezi ilivyokwenda mbali. "Passed Like a Shadow" ya Bernard Mapalala imekuwa miongoni mwa vitabu teule vya Kiingereza sekondari kwa miaka mingi. Ni riwaya fupi, lugha yake si ngumu, na inazungumzia UKIMWI ndani ya familia, jambo ambalo kijana wa Kitanzania analielewa bila kuelezwa. Mtu angetegemea isomwe, na isomwe tena. Badala yake, wanafunzi wengi wanakutana nayo kupitia kurasa chache za uchambuzi zilizotolewa kopi: wahusika na sifa zao, dhamira zilizopewa namba, mifano miwili ya kila dhamira. Mwanafunzi anaingia kwenye mtihani akiwa na dhamira sita za kitabu ambacho hajakifungua. Kitabu kile kilikuwa maelfu ya maneno ya Kiingereza chepesi, yaliyochaguliwa na serikali, yaliyo ndani ya silabasi, yenye alama zake kwenye mtihani, na tumefanikiwa kukigeuza kuwa orodha nyingine ya kukariri. Hapa hakuna kisingizio cha mtihani. Mtihani uliomba kitabu kisomwe.

Sasa nifike kwenye hoja ambayo kwangu ndiyo kiini cha mgogoro huu. Inasemwa kwamba mazoezi ya pasti pepa ni silaha ya mnyonge: mtoto wa mwenye nacho ana shule ya mchepuo wa Kiingereza, ana katuni za Kiingereza sebuleni, ana rafu ya vitabu, mtoto wa mkulima ana desa lake na bidii yake. Maelezo ya hali yao ni sahihi, ila hitimisho limekaa kinyume. Fikiria mtoto aliyesoma mchepuo wa Kiingereza tangu chekechea anapokaa na maswali ya miaka kumi. Maneno yaliyomo ameshayasikia. Miundo ameshaikuta. Anachokosa ni kujua swali linaulizwaje, muda unagawanywaje, na kosa gani dogo linapoteza alama. Kwake mazoezi ni msasa wa mwisho, na kweli yanamsaidia. Mtoto wa shule ya kata akipewa karatasi ile ile hana cha kupiga msasa. Kila swali linakuwa fumbo jipya linalotatuliwa kwa kanuni aliyoikariri, na kanuni zinavyoongezeka zinaanza kuchanganyikana, "no sooner" ikichukua "when" ya jirani yake. Ukiwapa wote wawili mazoezi hayo hayo kwa miaka minne, pengo linabaki na huenda likapanuka, kwa sababu mmoja anaendelea kupata lugha nje ya darasa na mwingine darasa lilikuwa mahali pake pekee pa kuipata. Kipindi cha Kiingereza shuleni ndicho urithi pekee wa lugha hiyo alionao mtoto wa mnyonge. Kukitumia kwa kuhamisha vipande vya sentensi ni kumnyima fungu lake na kumwambia ni kwa faida yake.

Wapinzani wangu wana jibu la kitaalamu, na ni jibu zito. Watasema utafiti unaonyesha kwamba kufundisha sarufi waziwazi kunafanya kazi. Ni kweli. Mwaka 2000 John Norris na Lourdes Ortega walikusanya matokeo ya tafiti 49 za ufundishaji wa lugha ya pili, wakaona kwamba wanaofundishwa kanuni waziwazi hupiga hatua kubwa kuliko wasiofundishwa hivyo. Lakini waandishi hao wenyewe walieleza kwamba vipimo vingi vilivyotumika katika tafiti hizo vilikuwa vya aina ile ile ya zoezi: chagua jibu, jaza nafasi, sahihisha sentensi. Ni vichache vilivyomtaka mwanafunzi atumie lugha kwa uhuru. Kwa hiyo kinachothibitishwa zaidi ni kwamba anayefanyishwa mazoezi ya kujaza nafasi anakuwa hodari wa kujaza nafasi, na hilo sikulipinga. Vilevile silikatai desa kwa ujumla wake. Kujifunza maneno kwa kadi ndogo, neno upande mmoja na maana upande mwingine, kunasaidia sana ikiwa maneno hayo yametoka kwenye kitabu ambacho mwanafunzi anakisoma wiki hiyo, na Nation mwenyewe anaitetea njia hiyo. Mwalimu akisimama katikati ya hadithi kuonyesha kwa nini mwandishi ametumia "had gone" na si "went", anafundisha sarufi kwa namna bora kuliko zote, kwa kuwa swali limezaliwa na maana. Wiki tatu au nne za mwisho za kuzoea sura ya karatasi ya mtihani ni za haki kabisa. Ninachokipinga ni kuzifanya wiki hizo kuwa miaka.

Jibu la pili ni kwamba walimu hawana hiari, mtihani ndio unaowasukuma. Walimu wanabanwa kweli, na wanaowabana ni wengi: wakuu wa shule, maofisa elimu, wazazi wanaolinganisha shule kwa madaraja. Baraza la Mitihani liliacha Januari 2023 kutangaza shule kumi bora, hatua ya busara, ingawa shinikizo halikuishia hapo. Hata hivyo mtihani hauna uwezo wote tunaousingizia. J. Charles Alderson na Dianne Wall walifuatilia mtihani mpya wa Kiingereza nchini Sri Lanka mwishoni mwa miaka ya 1980, mtihani uliotungwa makusudi ili walimu wafundishe kusoma na kuandika kwa matumizi halisi. Walikuta kwamba mtihani ulibadili kile kilichofundishwa, lakini namna ya kufundisha ilibaki karibu kama zamani. Walimu waliendelea na mbinu walizozijua. Somo ninalolipata hapo ni kwamba kungoja Baraza litunge karatasi bora hakutatuokoa, na kwamba mwalimu anayeanza kusomesha hadithi leo, chini ya mtihani huu huu tulio nao, hapingani na mtihani. Ufahamu, insha na fasihi vinamlipa. Na Kiingereza cha masomo mengine saba au nane ya mwanafunzi huyo kinamlipa kwa namna ambayo desa la sarufi haliwezi.

Linabaki swali la vitabu, ambalo ndilo gumu kuliko yote. Shule nyingi hazina maktaba, na penye kabati, ufunguo wake uko kwa mtu anayeogopa vitabu visipotee. Siwezi kulipuuza hilo. Lakini madesa nayo hayatolewi bure. Mzazi analipa kopi, analipa twisheni, analipa mitihani ya kujipima ya ujirani mwema, mwaka baada ya mwaka, na fedha hizo hazijawahi kuitwa anasa. Zikiwekwa pamoja kwa muhula mmoja na darasa moja, zinaweza kununua vitabu vyembamba vya ziada vinavyodumu miaka kadhaa, na si lazima viwe nakala 40 za kitabu kimoja. Nakala moja moja za vitabu 40 tofauti, zikizunguka kutoka dawati hadi dawati, zinampa kila mwanafunzi vitabu 40. African Storybook, mradi wa Afrika Kusini uliozinduliwa mwaka 2014, unatoa hadithi fupi za Kiafrika kwa Kiingereza na Kiswahili na lugha nyingine nyingi, kwa leseni inayoruhusu kuzichapa bila malipo. Zimepangwa kwa ngazi, na zile za ngazi ya chini zinamfaa kabisa kijana wa Kidato cha Kwanza ambaye bado anasoma neno kwa neno. Mashine ile ile ya kopi inayotoa maswali ya miaka kumi inaweza kuzitoa hizo. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo ina maktaba mtandao, inayofunguka kwenye simu ya mwalimu hata kama shule haina kompyuta.

Kuna jambo moja ambalo watetezi wa mazoezi hulisema kwa sauti ya chini, kwa kuwa linamgusa mwalimu: walimu wengi Kiingereza chao wenyewe hakijakaa sawa, na zoezi lenye majibu nyuma linawalinda. Mwalimu huyo hastahili kudharauliwa. Alipita njia ile ile, akafundishwa kwa madesa yale yale, na sasa anatakiwa kutoa asichopewa. Ila zoezi linamlinda kwa gharama ya darasa zima, kwa sababu lugha yote inayosikika chumbani inatoka kinywani mwake na kwenye sentensi 50 zisizohusiana. Akifungua hadithi, hali inabadilika. Kiingereza kinachotawala kipindi ni cha mwandishi, kimehaririwa, kimekamilika, na mwalimu anakisoma kwa sauti pamoja na wanafunzi wake, akisimama pale anapojua na kufungua kamusi pale asipojua. Dakika 20 za kila siku alizotengewa mwanafunzi ni dakika 20 zake pia. Miaka minne ya darasa lake kusoma ni miaka minne ya yeye kusoma, na Kidato cha Kwanza kitakachofuata kitampokea mwalimu mwenye Kiingereza kikubwa kuliko alichokuwa nacho alipoanza na kile kilichotangulia.